Jinsi ya kuandika maelezo ya polisi ambayo hayatakugeuka mahakamani

Wakuu, hii ni kwa askari wadogo walioanza kukaa CRO (kaunta ya kituo) na kupewa majalada, na pia kwa raia yeyote anayeenda kituoni kuandikisha, maana siku hizi mtu anasaini karatasi tatu bila kusoma hata mstari mmoja halafu miaka miwili mbele anaulizwa kizimbani "shahidi, haya si maneno yako?" anabaki anamwangalia hakimu kama vile hakimu ndo aliandika.

Mimi nipo upande wa utetezi. Kazi yangu, tusidanganyane, ni kuchukua maelezo aliyoandika afande na kutafuta yanapovuja. Mtu ataniuliza sasa mbona unawafundisha wanaokupa kula, jibu ni kwamba maelezo mabovu hayachagui, leo yanamtoa jambazi kwa sababu hakuna anayeelewa alionekana wapi, kesho yanamweka kijana wa watu rumande miezi na miezi huku kila tarehe ya kesi tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Afande akiandika vizuri, asiye na kosa anaonekana mapema tu kwenye karatasi kwamba hayumo.

Angalia hii kwanza, mtindo huu utaukuta kwenye majalada mengi tu:

"Mnamo tarehe 14 majira ya usiku huko maeneo ya Mbagala mtuhumiwa alikutwa katika mazingira ya kutatanisha akiwa na mali idhaniwayo kuwa ya wizi na alipohojiwa alishindwa kutoa maelezo ya kuridhisha."

Inasikika ya kiofisi eh? Sasa soma tena ukiwa na roho mbaya kama yangu. Alikutwa na nani? Usiku saa ngapi? Mbagala ipi, maana kuna Rangi Tatu, kuna Kizuiani, kuna Charambe, ule mji unajitosheleza wenyewe. Mazingira ya kutatanisha ni yapi, alikuwa anaruka ukuta au alikuwa amekaa anakula chipsi? Mali gani? Aliulizwa nini na alijibu nini, maana "alishindwa kutoa maelezo ya kuridhisha" ni hukumu tayari, afande ameshakuwa hakimu. Sentensi yote hiyo haina hata kitu kimoja ambacho jicho liliona au sikio lilisikia, ukiondoa maneno ya kikazi inabaki tarehe na Mbagala.

Kwa hiyo msingi ni huu na mengine yote yanatoka humu: andika kile shahidi alichoona, alichosikia, alichoshika, alichofanya. Anachodhani aseme kwamba anadhani na sababu yake. Wewe afande unachodhani weka kwenye shajara yako ya upelelezi, usikipachike kwenye mdomo wa shahidi.

RB kwanza, na usiidharau

Watu wengi wanaona RB, yaani taarifa ya kwanza inayoandikwa kwenye kitabu cha kaunta, ni namba tu ya kuendea kuchukua laini mpya au kudai bima, na maaskari nao wakizoea wanaandika mstari mmoja, "ameripoti kuibiwa", basi. Hapo ndo kesi nyingi zinapofia bila mtu kujua, kwa sababu mahakama inaangalia sana neno la kwanza. Kuna kesi maarufu, Marwa Wangiti Mwita na mwenzake dhidi ya Jamhuri, ipo kwenye ripoti za sheria za 2002, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema kabisa anapopata nafasi ya kwanza ni jambo kubwa sana linaloonyesha anaaminika, na kinyume chake akichelewa bila sababu au asimtaje kabisa basi mahakama makini lazima ijiulize. Sasa fikiria mama kaja kituoni usiku ule ule, analia, anamwambia afande wa kaunta "ni fulani, nimemwona kwa macho yangu", afande anaandika kwenye kitabu "mlalamikaji ameripoti kuvamiwa na watu wasiojulikana" kwa sababu ndo sentensi aliyoizoea. Baada ya siku tatu mpelelezi anaandika maelezo yenye jina. Mimi nikipata ile taarifa ya kwanza sihitaji kitu kingine, nasimama namuuliza mama, siku ya kwanza hukumjua, siku ya tatu umemjua, nani alikwambia? Na yule mama alisema ukweli tokea mwanzo jamani.

Kwa hiyo kwenye RB, hata ukiwa na foleni ya watu kumi, weka: nani ameripoti na simu yake, nini kimetokea kwa maneno machache, wapi, saa ngapi kimetokea na saa ngapi ameripoti, amemtambua mtu au hapana, kama amemtambua ni nani, kama hamjui jina basi muonekano wake (mrefu, mfupi, kovu, rangi ya nguo, sauti, lafudhi), na umechukua hatua gani. Mistari sita inatosha. Na wewe raia, usiondoke kaunta bila namba ya RB, na kama umemtaja mtu omba usomewe kilichoandikwa, sema kwa heshima tu, "afande samahani naomba unisomee nijue kama nimeeleweka", wengi watakusomea.

Saa na tarehe

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye vituko. Sisi tunahesabu saa kwa jua na jeshi la polisi linaandika kwa hrs, yaani hesabu ya saa 24. Shahidi anasema "saa nane usiku", afande mwenye usingizi anasikia nane anaandika 20:00hrs, kumbe ni saa mbili usiku hiyo, watu bado wanaangalia taarifa ya habari, mwenzako alimaanisha 02:00. Kizimbani shahidi atasema saa nane, karatasi inasema saa mbili, hakimu anaandika "shahidi anajichanganya". Dawa yake ni rahisi tu, andika zote mbili: saa 8 usiku (02:00hrs). Ni neno moja zaidi.

Tarehe ni mbaya zaidi. Mtu akikwambia "Jumapili usiku saa nane" kwenye kichwa chake ni usiku ule ulioanza Jumapili, lakini kwenye kalenda saa nane usiku tayari ni Jumatatu. Na ukienda pwani na Zanzibar ukakutana na mzee, akikwambia "usiku wa Ijumaa" anaweza kumaanisha usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, ndo hesabu waliyokulia nayo, siku inaanza jua likizama. Sasa hati ya mashtaka inasema tarehe 13, mashahidi wawili wanasema 14, daktari kwenye PF3 (fomu ya polisi ya kwendea hospitali) kaandika 14, unaanza kuhangaika kurekebisha hati kesi ishaanza kusikilizwa. Andika hivi: "usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 14, saa 8 usiku (02:00hrs)". Halafu muulize amejuaje muda. Kama aliangalia simu, andika. Kama alisikia adhana ya alfajiri saa chache baadaye, andika. Kama anakisia, andika anakisia. Kukisia si dhambi, dhambi ni kuandika "saa 02:17hrs" kwa mtu ambaye hakuwa na saa.

Mahali nako vivyo hivyo, mtaa, kata, wilaya, halafu alama inayojulikana, nyuma ya msikiti, mkabala na shule, nyumba ya geti la bluu. "Maeneo ya" ni neno la kulikwepa kabisa.

Utambuzi, yaani alimwonaje

Kama tukio ni la usiku basi nusu ya maelezo yako iwe hapa, sitanii. Tangu kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya 1980 mahakama zetu zinauliza maswali yale yale: shahidi alimwangalia mtuhumiwa kwa muda gani, kutoka umbali gani, kulikuwa na mwanga gani, je alikuwa anamfahamu kabla au ndo mara ya kwanza. Kila wakili anayajua, kila hakimu anayajua, halafu bado naletewa maelezo yameandikwa "nilimtambua kwa kuwa kulikuwa na mwanga wa kutosha".

Wa kutosha kwa nani? Andika chanzo cha mwanga, taa ya umeme au sola au mbalamwezi au tochi (na tochi ilikuwa kwa nani, maana kama mwizi ndo alikuwa anakumulika wewe usoni basi wewe ndo ulionekana, yeye hukumuona). Andika taa ilikuwa wapi, ndani au barazani kwa jirani, inamulika upande gani, kali au hafifu. Ukubwa wa chumba. Alimwona uso au mgongo.

Umbali watu wetu hawasemi mita. Ukimlazimisha aseme mita atakutajia namba yoyote ile, kumi, ishirini, basi tu afande aridhike. Atakachokwambia mwenyewe ni "kama hapa na pale kwenye geti". Sawa, inuka, hesabu hatua mpaka getini, andika "umbali kama wa hatua tisa". Dakika moja imetumika na umepata kitu ambacho nikimbana shahidi nacho hakitayumba kwa sababu ni cha kwake kweli. Muda pia hivyo hivyo, "alikaa mle ndani kwa dakika kumi" mara nyingi ni uongo usio na nia mbaya, mtu mwenye hofu anaona dakika ni lisaa. Muulize kilitendeka nini kuanzia anamwona mpaka anaondoka, andika vitendo hivyo, muda utajionyesha wenyewe.

Na kama anamfahamu, anamfahamu vipi? "Namfahamu kabla" haina uzito wowote. Tangu lini, kwa jina au kwa sura, wanakutana wapi, mara ya mwisho kumwona kabla ya tukio ni lini. Kama hamfahamu, chukua muonekano wake SIKU HIYO HIYO kabla hujamkamata mtu, maana gwaride la utambulisho bila muonekano wa awali ni kazi bure, nitasema tu shahidi alimwona mtuhumiwa ukimshusha kwenye difenda.

Mali

Mwenye mali aitaje mali yake kabla hajaonyeshwa. Huo ndo utaratibu ambao mahakama imekuwa ikiusisitiza, aeleze alama za pekee kwanza halafu ndo aonyeshwe. Ukimuonyesha simu halafu ukaandika "ni simu yangu aina ya Samsung nyeusi", mjini hapa Samsung nyeusi ni ngapi? Chukua chapa, modeli, rangi, IMEI (tarakimu 15, zipo kwenye boksi au risiti, na kwa simu ambayo bado anayo anaweza kubonyeza *#06# akaziweka mahali kabla haijaibiwa, raia fanyeni hiyo leo), laini zilizokuwemo, ufa kwenye kioo upande gani, kava, picha ya skrini. Pikipiki ni namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, halafu vile vidude vya kwake, stika, kiti kilichoshonwa upya, side mira iliyovunjika. Ng'ombe chapa na mahali ilipo, na rangi kwa majina wanayotumia wafugaji wenyewe, wao wana jina kwa kila doa.

Ukikamata kitu, hati ya ukamataji mali ijazwe pale pale. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka stakabadhi itolewe papo hapo, na saini za mwenye mali au mwenye nyumba na za mashahidi ziwepo. Sio mnafika kituoni, mnakunywa chai, halafu mnajaza. Mwite mwenyekiti wa mtaa au mjumbe mapema, kabla hamjaanza kupekua, asije akaitwa kuja kusaini kitu ambacho hakuona kikitoka chini ya kitanda. Halafu kuanzia hapo kila mkono uliokipokea uandikwe, nani kakabidhi kwa nani, lini, saa ngapi, lebo, rejesta ya vielelezo, kwenda kwa Mkemia Mkuu, kurudi. Ndo ile kesi ya Paulo Maduka na wenzake, Rufaa ya Jinai namba 110 ya 2007, kila anayefanya kesi za jinai anaiimba: lazima kuwe na mtiririko wa karatasi unaoonyesha kielelezo kimekamatwa, kimetunzwa, kimehamishwa, kimepimwa. Baadaye mahakama ilikuja kulegeza kidogo kwa vitu ambavyo si rahisi kubadilishwa, lakini kama ni bangi au unga au risasi usitegemee huruma hiyo.

Maneno ya nani?

Maelezo ya mlalamikaji yanaandikwa kwa nafsi ya kwanza, "mimi nilikuwa", na yanatakiwa yawe na sauti yake. Bibi wa miaka sabini kutoka kijijini hawezi kusema "ndipo mtuhumiwa akatokomea kusikojulikana". Hilo ni lugha ya askari na kila mtu anajua. Kizimbani bibi akiulizwa kutokomea ndo nini atasema sijui baba, na hapo nimemaliza.

Kibaya kuliko vyote ni kunakili. Mashahidi watatu, kila mmoja kasimama mahali pake, halafu maelezo yao yanafanana mpaka koma, mpaka kosa la tahajia liko kwa wote watatu. Afande kaona aokoe muda. Mimi nikiona hivyo nafurahi kuliko mwenye harusi. Mashahidi wa kweli hutofautiana kidogo, mmoja kaona jaketi jeusi mwingine anasema la bluu nzito, iache hivyo hivyo, usiwasawazishe, hakimu anajua binadamu hawaoni sawa.

Kama shahidi anaongea Kisukuma au Kimasai na Kiswahili hakimkai vizuri, tafuta mkalimani na uandike jina lake na kwamba alitafsiri. Mkalimani asiwe mjomba wa mlalamikaji. Sheria inataka maelezo asomewe mwenyewe, au aonyeshwe, na kama haelewi lugha iliyotumika yatafsiriwe, na awe huru kufafanua au kuongeza. Usomaji huu siyo wa kupita pita, soma kwa sauti, akisema "hapana afande sikusema kisu, nilisema kitu kinachong'aa", badilisha, maana kisu na kitu kinachong'aa ni kesi mbili tofauti.

Kwa makosa ya kujamiiana, hasa watoto, peleka Dawati la Jinsia na Watoto, wasihojiwe kaunta mbele ya watu. Mtoto akisema "alinifanyia tabia mbaya" andika hivyo hivyo alivyosema, halafu muulize taratibu tabia mbaya ni nini, andika jibu lake kwa maneno yake pia, usirukie kuandika neno la kifungu cha sheria.

Maelezo ya onyo ya mtuhumiwa, yale anayotoa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yana masharti yake na sitayamaliza hapa, ila kumbuka saa nne. Muda wa msingi wa kumhoji ni saa nne tangu awekwe chini ya ulinzi, ukihitaji zaidi unaongezwa kabla haujaisha, afisa anayesimamia upelelezi wa kosa hilo anaweza kuongeza usiozidi saa nane. Muda wa kumsafirisha hauhesabiwi lakini uandike uonekane. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza, haki zake ulizomwambia, na majibu yake hata yale yasiyokupendeza. Maelezo ya onyo ambayo mtu anakiri kila kitu kwa Kiswahili sanifu bila swali hata moja huwa nayasoma mara mbili mbili.

Mfano wa yaliyokaa vizuri

Tuchukue ile ya Mbagala, tuseme ni uvamizi wa nyumba, nukta ni mahali pa majina:

"Naishi Mbagala Kizuiani, nyumba ya geti la bluu mkabala na kituo cha daladala, nafanya biashara ya duka. Nakumbuka usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 14, saa 8 usiku (02:00hrs), nilikuwa nimelala chumbani na mke wangu. Muda niliujua kwa sababu niliposhtuka niliangalia simu. Nilisikia mlango wa sebuleni umegongwa na kitu kizito mara mbili ukafunguka. Nikatoka mpaka kwenye korido. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, ni taa nyeupe ya umeme katikati ya dari, huwa hatuizimi kwa sababu ya mtoto. Niliona watu wawili. Mmoja alinipa mgongo, alivaa jaketi jeusi, uso wake sikuuona na siwezi kumtambua. Wa pili aligeuka akaniangalia, alikuwa kama hatua nne kutoka niliposimama na katikati yetu hapakuwa na kitu. Huyo nilimtambua kwa sura na kwa jina, ni ......, dereva wa bodaboda kijiwe cha hapo kituoni, namfahamu tangu mwaka jana na ameshanibeba mara nyingi, mara ya mwisho Ijumaa. Aliniambia 'mzee rudi ndani'. Nikarudi, nikafunga mlango. Nikasikia wanatoka. Nilipofungua televisheni haikuwepo, ni ya inchi 32, ina mkwaruzo chini kulia ambao mtoto aliukwaruza na kijiko. Nikapiga kelele za mwizi, jirani yangu ...... akaja, nikamwambia mmoja wao ni ...... Sikuja kituoni usiku ule kwa sababu tuliogopa kutoka. Nimekuja leo saa 1 asubuhi (07:00hrs)."

Hebu niambie naanzia wapi kuyabomoa hayo. Amesema asichokijua, yule wa jaketi jeusi amekiri hamjui, na hicho ndo kinaumiza zaidi upande wangu kwa sababu mtu anayetaka kumsingizia mwenzake angewajua wote wawili. Kachelewa kuripoti lakini sababu ipo. Kamtaja mtu usiku ule ule kwa jirani, kwa hiyo maelezo ya jirani yanatakiwa yaandikwe kesho yake, siyo mwezi ujao. Televisheni ina alama kabla haijapatikana. Na hakuna mtuhumiwa, hakuna kutokomea, hakuna mazingira. Kilichobaki ningeuliza kuhusu umeme, kama ulikuwepo mtaa mzima usiku huo, na afande mjanja angekuwa ameshaliuliza hilo.

Mengine ya haraka haraka. Usitumie karekta, ukikosea kata kwa mstari mmoja ili la chini lisomeke, andika sahihi pembeni, wote wawili muweke saini ndogo. Usiache mistari mitupu katikati au mwisho wa ukurasa. Namba za kurasa, saini au dole gumba kila ukurasa, uthibitisho wa mwisho pamoja na jina lako, namba yako ya jeshi, cheo, tarehe, saa. Mwandiko usomeke, kama wako ni wa kuku andika polepole au chapa. Na shahidi asisaini karatasi nyeupe eti "nitajaza baadaye mama nenda tu", hilo hata kwa shida gani raia usikubali. Kuandika maelezo hakulipiwi, PF3 hailipiwi, mafuta ya gari siyo ya mlalamikaji.

Kuna swali naulizwa sana na maafande, shahidi akirudi baada ya wiki anasema nimekumbuka kitu, unafanyaje? Usiguse yale ya kwanza. Usiyachane, usiyaandike upya kwa tarehe ya zamani, usichomeke mstari. Chukua karatasi mpya, andika maelezo ya nyongeza, tarehe ya leo, saa ya leo, na sentensi ya kwanza kabisa iwe kwa nini amerudi: "Tarehe 14 niliandika maelezo, leo nimekuja kuongeza kwa sababu jana nilipokuwa nasafisha uwanja nimeokota kofia ambayo si ya mtu wa nyumbani kwangu." Kofia unaikamata kwa hati, unaiwekea lebo, unaiingiza kwenye rejesta, na yale maelezo ya kwanza yanabaki kwenye jalada yakiwa na upungufu wake wote. Nitamuuliza kizimbani kwa nini kofia haipo kwenye maelezo ya kwanza, atanijibu sikuwa nimeiona bado, na nitakaa chini.